Mama Samadi na Mashine ya Kusagia Nyama

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa karakana ya kituo chetu cha utafiti wa kilimo anastaafu. Jina lake lipo kwenye faili. Sisi tunamwita Mama Samadi, naye huitika.

Aliajiriwa kuchomelea majembe ya trekta. Mwaka wake wa nne, watafiti walimjia na kilio: walitaka kujua samadi ya maji inaongeza mahindi kiasi gani, lakini vitalu vyao vilikuwa na upana wa mita tatu tu. Tangi la trekta likimwagia kitalu kimoja, lilinywesha na majirani. Ndoo nazo zilitegemea mkono wa mwagaji na hasira zake za siku hiyo. Mtaalamu wa takwimu alisema namba hizo hazifai hata kufungia karanga. Mkurugenzi akatoa msimu mmoja tu. Mambo yasipokaa sawa, utafiti ufungwe.

Mama Samadi akaunda kitoroli chenye tangi dogo, pampu na mipira kumi na miwili ya urefu sawa. Siku ya majaribio, majani makavu yaliziba mipira kumi na mmoja. Uliobaki ukabeba kazi ya wenzake wote, ukamwelekea mkurugenzi aliyekuja kutazama. Shati lake lilikuwa jeupe. Akauliza kwa upole kama hiyo ndiyo dozi iliyokusudiwa.

Kilichokosekana ni kisu cha kukatakata majani kabla hayajafika kwenye mipira. Jumamosi hiyo Mama Samadi alibeba mashine ya kusagia nyama ya nyumbani kwake, akaifunga chini ya tangi. Akatega ndoo kwenye kila mpira, akapima: tofauti haikufika kikombe. Mtaalamu wa takwimu alirudia kupima mara tatu, akaondoka bila neno, na kwake hiyo ni sifa kubwa. Utafiti uliendelea miaka kumi na minane.

Mumewe aliitafuta mashine hiyo mwezi mzima, akamshuku hadi dada yake mwenyewe. Siku mama mkwe alipotarajiwa kuja kula, Mama Samadi akakiri. Mume akataka irudishwe upesi. Akaelezwa ilipo na inachosaga.

“Basi, mke wangu,” akasema, “leo tutakula samaki.”

Miaka yote hiyo, kiti cha pembeni yake kwenye basi la wafanyakazi kilibaki wazi, na kila mtu alijua kwa nini. Ijumaa iliyopita, safari yake ya mwisho, tulikigombania.

Asante, Mama. Ukapumzike kwa afya na furaha, na madirisha yote wazi.