Sifuri Ndiyo ya Kwanza

Kijiwe chetu ni benchi moja kwenye kibaraza cha Bisibisi, fundi wa kompyuta ambaye mpaka juzijuzi alikuwa fundi wa redio. Cherehani yangu iko hapo pembeni, na kahawa naileta mimi kwenye chupa, kwa hiyo hakuna linalosemwa likanipita. Asubuhi hiyo Randa, seremala, na Faili, karani mstaafu asiyekubali kwamba amestaafu, walikuwa kwenye kikombe cha pili. Bisibisi akatoka ndani, akakaa, akakataa kahawa. Hapo nikajua mambo yameharibika.

— Nimeua sauti ya Kipaza, — akasema.

Kipaza tunamjua wote. Alikuwa akipita mitaani na kipaza sauti, akitangaza misiba na watoto waliopotea, mpaka koo likaugua wakamtoa kikoromeo. Kabla ya kukatwa alikaa wiki mbili akirekodi maneno kwenye kompyuta, moja moja. Sasa yeye anaandika, kompyuta inasema kwa sauti yake mwenyewe. Jumamosi anamwoza binti yake, na maneno ya siku hiyo alishayaandaa.

— Umeiuaje? — Randa akauliza.

— Programu yake ya kizamani, inakubali mfumo wa zamani tu. Binti anataka mpya, wa kazi zake. Nikasema hamna shida, tunaweka diski mbili kwenye mashine moja. Wa zamani ubaki kwenye diski yake, mpya ukae kwenye nyingine. Ukiwasha, inakuuliza unataka upi.

— Si vizuri hivyo?

— Mzee aliniandikia kikaratasi: "Usiguse ya kwanza." Nafungua, naona diski moja inaitwa sifuri, nyingine inaitwa moja. Nikaiacha moja. Nikafuta sifuri, nikaweka mfumo mpya humo.

Faili akashusha kikombe.

— Sasa kosa liko wapi? Ya kwanza si ndiyo moja?

— Mashine inaanza kuhesabu na sifuri, Faili. Sifuri ndiyo ya kwanza.

— Mtu gani mwenye akili zake anaanza na sifuri? Miaka thelathini ofisini sijawahi kuona faili namba sifuri!

— Lakini ile diski mpya si ilikuwa tupu? — Randa akadakia. — Hukuona?

— Ya mtumba ile. Ilikuja na vitu vya mwenyewe wa zamani. Nimemtunzia Kipaza picha mia nne za matofali.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikamtazama usoni, nikaona aibu, halafu nikapandwa na hasira.

— Mimi nikikata kitambaa cha mtu, — nikamwambia, — cha mwingine nakitoa mezani kwanza. Ile ya zamani ulishindwa nini kuichomoa?

— Nilijua nitakumbuka.

Randa akawahi kumwokoa.

— Msikilizeni. Hiyo ni kama rangi juu ya mbao. Umepaka mpya, ya zamani iko chini. Piga randa taratibu.

— Nimepiga tangu jana. Mfumo mpya umelala juu ya kila kitu. Nimepata sekunde mbili tu za sauti yake.

— Anasemaje?

— Anakohoa.

Nikawamiminia, mikono ipate kazi.

— Spika je? — Faili akaanza. — Mwaka mzima sauti imepita mle. Haiwezi kukosa masalia.

— Acha masihara, Faili.

— Masihara gani? Chungu cha samaki unakiosha mara ngapi?

— Basi mimi hapa, — Randa akasimama, akabana pua. — "Ndugu wananchi! Mtoto wa kike, gauni la kijani!" Hapo nani atajua si Kipaza? Nirekodini neno moja moja mpaka Jumamosi.

— Binti yake atajua, — nikasema.

Akakaa.

Kipaza hakusikika akija. Siku hizi hasikiki. Tulimwona tu amesimama mbele yetu, suti ya harusi iko begani ndani ya mfuko, aliipitia kwa dobi. Akatupa mkono mmoja mmoja, akaanza na Bisibisi. Kisha akatoa daftari mfukoni, akaandika neno moja, akaligeuza tulisome:

"Inaongea?"

Randa akatazama viatu vyake. Faili, ambaye hajawahi kukosa jibu, alikunywa kikombe ambacho nilijua hakina kitu.

Mzee akasubiri. Akatutazama sote, kuanzia mwanzo wa benchi mpaka mwisho. Halafu akalisukuma daftari mbele ya Bisibisi, na akampa kalamu.