Fundi Aliyekataa Kiti

Basi lilikuwa na viti vitupu, lakini fundi cherehani alisimama ameshikilia bomba, akiuma meno kila breki iliposhikwa.

"Keti, mwanangu," akasema bibi mmoja.

"Nimekaa kazini kutwa, bibi."

"Na jasho hilo?"

Fundi akainama, akamnong'oneza kwamba amechanika njia ya haja kubwa. Chooni ni kama wembe, basi ameacha kula ili asiende.

"Ndivyo unavyojimaliza. Usipokula, choo kinakauka, kikitoka kinakuchana upya. Kula mboga, maharagwe, na maji usikose."

"Nilikula, bibi. Damu ikatoka vilevile."

"Kidonda cha huko hakiponi upesi. Nenda hospitali, na ule."

Njaa ilimuuma fundi, lakini hofu ilimzidi.

Basi likasimama. Bibi akampa papai. Alilipokea kwa mikono miwili, akashuka taratibu, asiseme kama atalila.