Mzee Tulia na Zamu ya Mkewe

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama na familia hii, tunaomba mtuvumilie kidogo tuwasomee maisha ya mzee wetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mzee Tulia na wachache sana mlimfahamu kwa jina jingine lolote, hata mlangoni pake kazini paliandikwa hivyo, na mkewe akasema ukimwita kwa jina la kwenye vyeti hageuki. Historia hii iliandikwa juzi sebuleni kwake, watoto wakisaidiana na shemeji zake, kisha mjane akaletewa aisome, akavaa miwani, akafuta mahali palipoandikwa kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, akasema hakuwa, alikuwa mtu wa ndege, na kama tunataka kumsindikiza kwa maneno basi yawe ya kweli. Mtakayoyasikia ni yale yaliyosalimika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1949, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe aliyekuwa akiuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kituo cha mabasi. Dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa nasi, anasema alichelewa sana kuanza kusema, wazazi wakahangaika naye huku na huko, na alipoanza hakufanya haraka ya kufidia muda uliopotea.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, akaendelea na sekondari hadi 1967, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na mwaka 1968 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea upigaji picha, jambo ambalo baba yake alilipokea kwa shingo upande kwa kuwa mashine ya pili ya kushonea ilikwisha kununuliwa kwa ajili yake.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika studio moja iliyokuwa mkabala na mahakama, akipiga picha za pasipoti, za harusi na za watoto waliofikisha mwaka mmoja, ambao kwa kawaida walikuwa wakilia. Mwaka 1976 alihamia jumba la makumbusho, akapewa kazi ya kupiga picha kila kitu kilichokuwamo, mitungi, sanamu, mazulia, vinyago, sahani na michoro kutoka pande zote za dunia. Mlinzi wa zamu ya mchana, ambaye naye amefika leo, siku moja alisikia mtu akisema ndani ya chumba kilichofungwa, tulia, tulia hapohapo, akadhani kuna mwizi ameshikwa, akaingia na rungu, akamkuta kijana peke yake anaongea na mtungi. Jina likaanzia hapo, na halikumtoka tena.

Kazi hiyo ndiyo iliyompeleka nchi za nje, maana majumba ya makumbusho hukopeshana vitu na kila kinachosafiri hupigwa picha kwanza, na huko ndiko mapenzi yake ya ndege, aliyokuwa nayo tangu ujana, yalikogeuka kuwa jambo lililomchukua maisha yake. Akiona ndege amechorwa kwenye bakuli la kale, au amefumwa kwenye zulia, hakulala vizuri mpaka amtafute ndege yuleyule akiwa hai, porini kwake, ampige picha naye, kisha aziweke picha hizo mbili pamoja. Alimtafuta korongo wa kwenye pazia la hariri mpaka kwenye vinamasi vya nchi za baridi, akamtafuta bundi wa kwenye sarafu, akamtafuta hondohondo wa kwenye kinyago, na aliporudi safari alikuwa na mifuko miwili ya filamu, mmoja wa mwajiri na mmoja wake. Mkurugenzi alilalamika miaka kadhaa, akachoka kulalamika, na tarehe 3 Mei 1991 akayafungua mwenyewe maonyesho ya picha hizo katika ukumbi mkubwa, akatoa hotuba ndefu kama vile wazo lilikuwa lake.

Katika ndoa, marehemu alikutana na mkewe mwaka 1973 pale studio, alipofika kupigwa picha ya kitambulisho, akiwa mpigachapa wa mahakama aliyepewa ruhusa ya kutoka dakika chache tu. Aliambiwa atulie, naye akamwambia mpiga picha afanye upesi, hana siku nzima. Hiyo picha ipo, amekunja uso, na marehemu alikuwa akisema ndiyo picha pekee ya binadamu aliyopata kuipenda. Walifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1974.

Jumamosi ya kwanza baada ya harusi alimwambia bibi harusi ajiandae, wanatoka, naye akajipamba kama mtu anayekwenda kutembezwa, akavaa viatu vipya vya kisigino, wakashukia bwawani. Huko alionyeshwa kijibanda cha turubai chenye tundu la kuchungulia, ambacho marehemu alikiita chumba cha wageni, akaelezwa utaratibu wa kazi. Ndege mwenye woga akiona mtu ameingia kibandani hasogei, anajua yumo, lakini wakiingia wawili, na mmoja akatoka akaenda zake waziwazi, ndege anaona balaa limeondoka, anarudi kiotani, kwa sababu ndege wengi hawajui kutoa mmoja katika wawili. Kwa hiyo anahitajika mtu wa kuondoka. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mtu huyo ni nani, akajibiwa kwa kutazamwa. Akaondoka, kwa visigino, katika tope, na marehemu akamnong'oneza kutoka ndani kwamba safari ijayo ni zamu yake kubaki ndani.

Safari ijayo ndege alikuwa mgeni, asingezoea sura mbili. Iliyofuata mwanga ulikuwa mbaya. Kisha kukawa na mimba, kisha kukawa na watoto, kisha kukawa na lenzi mpya ambayo mwenyewe alikuwa bado hajaizoea, na mkewe akawa mtu wa kuondoka kwa miaka yote ya ndoa, kila walipokuwa pamoja, akitembea mpaka barabarani na chupa yake ya chai, akikaa kusoma gazeti zima, pamoja na matangazo ya zabuni, mpaka atakapoitwa. Picha zikaja zikajaa ukutani, yeye ndiye aliyezifuta vumbi, wageni wakawa wanamwambia, mama, wewe umeona mengi, naye akawa anakaribisha chai. Hakuwa ameona kitu. Hilo lilimuuma, na ametutaka tuliseme hivyo bila kulizungusha, alitaka aingie yeye, akae yeye, aone kwa macho yake angalau ndege mmoja ambaye hajui kwamba anatazamwa, na kila alipolisema aliahidiwa, na mwenye kuahidi hakuwa mwongo, alikuwa anasahau tu kila anaposhika kamera.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Binti, kifungua mimba, alizaliwa tarehe 21 Januari 1977, baba akiwa nje ya nchi kwa ajili ya ndege wa kwenye zulia, na leo ni mpima ardhi. Kitinda mimba alizaliwa tarehe 30 Agosti 1981, baba akiwepo, ingawa alikuwa chumba cha giza akisafisha picha na ilibidi agongewe, na leo ni fundi wa majokofu. Binti alipokuwa sekondari aliwahi kuombwa ashike nafasi ya mama yake, aliyekuwa na homa, aingie kibandani na kutoka, akajibu kwamba yeye hakuzaliwa kuwa wa kuondoka, na baba mtu siku hiyo alirudi bila picha hata moja. Hawakusemeshana kwa muda mrefu, na kwa jinsi walivyokuwa wote wawili, haikuwa rahisi kwa watu wa nje kutambua tofauti.

Marehemu alistaafu tarehe 28 Februari 2009, akatangaza mezani kwamba sasa ni zamu ya mama watoto, na mama watoto akanunua viatu vya mpira. Mvua zikawa nyingi, kisha turubai likatoboka, kisha picha zikaanza kutoka na ukungu, akalaumu lenzi, akaipeleka kwa fundi, fundi akairudisha akasema lenzi ni nzima. Mwaka 2014 daktari wa macho alimkuta na presha ya macho iliyokwisha kula sehemu kubwa. Alitumia dawa za matone kwa uaminifu, akafanyiwa upasuaji mara mbili, na kufikia mwaka 2019 alikuwa anatofautisha mwanga na giza na si zaidi ya hapo. Akaacha kutoka. Alikaa sebuleni ameelekea ukuta wa picha zake, na mtu akiingia alimuuliza kama zimekaa sawa, hazijapinda.

Mkewe alikaa naye hivyo karibu miaka miwili, mpaka asubuhi ya tarehe 16 Oktoba 2021 alipovaa vile viatu vya mpira na kusema, haya, baba, inuka, leo zamu yangu. Walikwenda kwenye mto mdogo ulio chini ya pampu za maji, ambako mdiria, ndege mvuvi aliyechorwa kwenye sahani moja ya buluu ya makumbusho, alikuwa na vifaranga ndani ya shimo la ukingoni. Binti ndiye aliyeendesha gari, ndiye aliyesimamisha kibanda, na marehemu akadhani atarudishwa garini, lakini mkewe akamkalisha kwenye kigoda cha pili, akasema hakungoja miaka yote hiyo ili akae peke yake kama mshumaa. Akahitajika mtu wa kuondoka. Binti hakuulizwa, alitoka kibandani, akapanda ule mteremko taratibu, wazi kabisa, mikono nyuma, mpaka barabarani.

Kimya kilipokaa, marehemu alinong'ona, unaona nini? Mkewe akamwekea mkono gotini, akamwambia, tulia.

Hakumwambia lolote siku ile. Alitazama mpaka akashiba, kamera ikiwa kwenye begi, na walipofika nyumbani alikunywa chai yake akamaliza, ndipo akaanza kusimulia, na alikuwa msimulizi bahili, anatoa kidogo jioni hii na kidogo jioni nyingine, akirudia pale mwenzake anapotaka parudiwe. Mzee Tulia, ambaye hakuwahi kumuuliza mtu habari zake, aligeuka mtu wa maswali. Mwanga ulitoka upande gani? Alimpiga samaki kwenye tawi mara ngapi? Alimshika kichwa kikiwa ndani ya mdomo au nje? Alipoambiwa nje alipiga makofi, akasema basi huyo samaki si wa kula mwenyewe, ni wa kumlisha mwingine. Majirani mliosikia vicheko nyumba ile wakati huo, sasa mmejua sababu. Binti naye alikuwa akija jioni, anakaa, anasikiliza.

Mwaka 2023 moyo wake ulianza kushindwa kazi, miguu ikavimba, akalazwa tarehe 2 Juni katika hospitali ya mjini, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Masimulizi yakahamia huko. Mkewe alimfikisha mpaka mdiria anaingia shimoni na samaki, akamfikisha mpaka sauti za vifaranga zinanyamaza, na mahali ndege anapochungulia kutoka, akakata, akasema mengine kesho. Kesho yake akasema kesho. Wauguzi walimwonea huruma mgonjwa wakamsihi mama amalizie, akakataa, na sababu yake aliitoa kwetu juzi akiwa ameshika karatasi hizi. Alisema katika miaka yote hakupata kumwona mumewe akiondoka kabla ndege hajamaliza, iwe mvua, iwe njaa, iwe mtoto anazaliwa, akaona basi maadamu ndege huyu hajamaliza, hataondoka.

Marehemu alifariki dunia tarehe 18 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa dirisha la dawa, foleni ikiwa imesogea. Kwa hiyo mjane ana huzuni, kama mnavyomwona, lakini pia amekasirika, amekasirishwa na mume wake na amejikasirikia mwenyewe zaidi, na familia haijapata neno la kumwambia, wala haioni kwamba ni lazima lipatikane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya macho na wa wodi ya wanaume, waliomhudumia mtu asiyeongea kwa subira kubwa. Tunawashukuru majirani, waliobeba viti na maji tangu siku ya kwanza bila kuitwa. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa makumbusho, waliokuja na ile sahani ya buluu ndani ya sanduku lake, chini ya ulinzi, ili ikae karibu naye mpaka mchana. Tuliowasahau watusamehe, akili zetu mnazijua zilipo.

Tuna ombi moja, na baada ya hapo tumemaliza. Tukishafukia, na mashada yakishawekwa, tunawaomba wote, wazee kwa vijana, hata ndugu wa karibu, msisogee kumpa mjane mkono hapo hapo. Mfuateni binti, atatangulia kuelekea kwenye magari, nanyi mwende naye taratibu bila kugeuka nyuma. Mama atabaki. Kuna sehemu hajaisimulia, sisi wenyewe hatujui ndege alipotoka shimoni alifanya nini, na hatutamuuliza.

Pumzika kwa amani, Mzee Tulia, tunaondoka sasa, msikilize mkeo.