Historia ya Recho Gervas Nandonde, Aliyeimba Saa ya Jumuiya

Ndugu waombolezaji, majirani wa Chang'ombe, nanyi mliofika kutoka Masasi na basi la jana, naitwa Anastasia Nandonde, shangazi yake Recho, dada wa marehemu baba yake, na familia imenituma niwasomee maisha ya binti yetu, wakanisihi sana nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Recho Gervas Nandonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 huko Ndanda, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto pekee wa kaka yangu Gervas, mchonga vinyago, na wifi yangu Herieth, huyu mnayemwona hapa amejifunika kanga, na alibatizwa mwaka huohuo katika Kanisa Katoliki, jambo ambalo naomba mlizingatie kwa sababu wapo waliokwisha kulisahau. Mwaka 1992 wazazi wake walihamia Dar es Salaam, kaka akapata kibanda cha kuchongea hapahapa Chang'ombe, na tangu siku hiyo Recho hakuwahi kuwa na mtaa mwingine.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1995, akamaliza la saba mwaka 2001, akasoma sekondari Temeke kuanzia 2002 hadi 2005, kisha akachukua cheti cha utunzaji wa hesabu. Kinanda hakufundishwa na mtu, alikijulia kanisani baada ya misa, wenzake wa kwaya wakiwa wanakunja sare zao, yeye anabaki anabonyeza mpaka mlinzi aje na funguo. Alikuwa mwanakwaya tangu akiwa na miaka kumi na minne.

Mwezi Agosti 2008 aliajiriwa kama karani wa mauzo katika kiwanda kimoja cha sabuni, akafanya kazi hiyo hadi Februari 2023 alipolazimika kuacha kwa ajili ya maradhi. Hiyo ndiyo iliyomlisha, lakini kazi yake hasa ilikuwa nyingine, na najua baadhi ya ndugu wangependa niiruke. Siiruki. Mwaka 2011 alinunua sintesaiza ya mtumba, yaani kile kinanda cha umeme chenye vitufe na vifundo vingi, akaunganisha na kompyuta chumbani kwake, akawa anatunga mwenyewe, anapiga mwenyewe, anaimba mwenyewe, ngoma, besi na zeze vyote vinatoka kwenye vidole vyake viwili vitatu, na akatoa albamu tatu, mwaka 2014, 2017 na 2021, bila bosi, bila meneja, bila mtu wa kumshika mkono. Alizipeleka redioni. Mtangazaji mmoja akamwambia, "Sista, muziki wako mzuri, ila sasa ishu, tukuweke wapi? Siyo singeli, siyo bongo fleva, siyo kwaya, watu watachezaje?" Redio hiyo haikupiga wimbo wake hata mmoja, na leo imetuletea shada la maua, lile pale, kubwa kuliko yote. Tunawashukuru kwa maua.

Marehemu hakubahatika kufunga ndoa. Alijaliwa mtoto mmoja wa kike, Bupe, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 2010, na baba wa mtoto namwona amekaa nyuma kabisa na miwani yake ya jua, karibu baba, kiti cha mbele kipo. Kwa suala la kuzaa nje ya ndoa Recho alitubu, mtoto akabatizwa, kanisa likamsamehe, likaisha. Nalisema hilo ili mjue kwamba alichokuja kunyimwa msamaha hakikuwa hicho.

Mtaa huu wote mnaujua, umezungukwa na mafundi wa kuchomelea mageti, na kuanzia saa moja asubuhi mtu hasikii hata mawazo yake. Kurekodi sauti kunataka ukimya, na Recho, ambaye siku za kazi alitoka alfajiri kuwahi kiwandani na Jumapili alfajiri alikuwa misani, alikuwa na saa moja tu ya ukimya kwa wiki nzima, Jumamosi saa kumi na mbili, kabla mafundi hawajafungua. Saa hiyohiyo ndiyo ya sala ya jumuiya, sisi Wakatoliki wa mtaa huu tunapokutana nyumba kwa nyumba. Aliomba jumuiya isali jioni, hata mara moja kwa mwezi, akaambiwa jumuiya haipangwi na mtu mmoja. Basi akachagua, na jina lake likaanza kusomwa miongoni mwa watoro. Jirani yetu Abdulsamad, mwenye duka lililopakana na chumba chake, yeye Mwislamu asiyedaiwa jumuiya na mtu, ndiye aliyekuwa anazima friji la soda kila Jumamosi alfajiri ili lisimngurumie kwenye rekodi, na hakuna aliyemwomba.

Maradhi yalianza Novemba 2022 kwa kuvimba miguu, akapimwa, akaonekana figo zote mbili zimeshindwa kazi, na kuanzia Machi 2023 akawa anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumanne na Alhamisi alikuwa hoi, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kuwa na nafuu, na aliitumia kama alivyoizoea. Tarehe 5 Juni mwaka huu, 2025, mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Jonas, alikuja na wenzake wawili, wakaketi kitandani kwa mgonjwa, wakamweleza kwamba kwa utaratibu uliopo asiyesali jumuiya hazikwi na padri wala haimbiwi na kwaya. Wifi yangu akawaambia mtoto anaumwa. Mzee Jonas akajibu, "Mama Recho, nguvu za kuimbia mashine anazo, za kusali hana?" Shikamoo Mzee Jonas. Nimekuona hapo kwenye turubai, na nimesoma maneno yako kama ulivyoyasema, sikuongeza.

Ndiyo maana hamwoni padri hapa, na wanakwaya wamekuja na nguo za nyumbani, wamekatazwa kufungua midomo. Lakini zile nyimbo za msiba zinazotoka kwenye spika tangu asubuhi ni za kwaya hiyohiyo, na kinanda mnachokisikia ndani yake, mwanzo hadi mwisho, amekipiga Recho, mwaka 2019, bure, mkazikia watu wenu wote.

Recho alifariki dunia Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na minane, mkono wake ukiwa kwa mama yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliompigania kweli, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliomchangia damu, mafundi wa mtaani waliofunga karakana tangu Jumanne bila kuambiwa, na Abdulsamad na mkewe Wahiba, ambao chakula mlichokula leo kimepikwa uani kwao. Jumuiya nayo tunaishukuru kwa viti.

Saa tisa tutaelekea makaburi ya Chang'ombe, na sala nitaongoza mimi. Kuhusu kuimbiwa, mjue hivi: Jumamosi ya tarehe 7 Juni, siku mbili baada ya ule ujumbe, Recho aliomba ainuliwe, akaegemezwa mito, akarekodi wimbo wa kuzikwa kwake mwenyewe. Utapigwa kaburini. Ameimba kuongoza tu, kila baada ya mstari ameacha nafasi tupu, na mama yake alipomuuliza mbona hajaweka waitikiaji, na mashine yake inaweza kutoa sauti mia, akasema, "Aah mama, waitikiaji si watakuwepo pale pale? Nawajua." Hakuwa amekasirika hata kidogo, hasira zote hizi ni zangu.

Wanakwaya, nafasi hizo ni zenu, na sitamtazama usoni atakayeziacha zipite kimya.

Pumzika, mwanangu, na ile amani tuliyokunyima hapa wakupe huko.