Breki Apata Kazi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha fundi viatu, pale barabara mbili zinapokutana. Asubuhi utatukuta wanne: Fundi mwenyewe, anayebishana huku misumari imebanwa midomoni, Dobi, anayekuja kila pasi yake inapopoa, Profesa, karani mstaafu wa mahakama, ambaye tangu tumfahamu hajawahi kusema "sijui", na mimi, muuza magazeti. Kahawa tunamiminiwa na Mama Kahawa, na yeye akichoka na ubishi wetu husogea upande wa pili wa barabara na birika lake. Mwaka jana tukawa watano, alipoletwa Breki.

Breki aliendesha malori miaka thelathini na moja. Presha ya macho ikamla taratibu, mpaka siku alipoegesha lori kwa kufuata sauti ya msaidizi wake tu. Siku hiyohiyo alikabidhi funguo. Mkewe akawa anamshika mkono kila asubuhi, anamkalisha kwetu, kisha anakwenda sokoni kwenye biashara yake. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu maneno yakipamba moto alikuwa anasema, "Jamani, shikeni breki."

Asubuhi moja, hakuna aliyemuuliza kitu, akasema:

— Hivi Mungu aliniumba niendeshe lori? Maana kama ni hivyo, mimi nimekwisha.

Hakuna aliyecheka. Ila kijiwe ni kijiwe, swali halilali njaa. Fundi alisema mwanamume huja duniani kuacha watoto, na Breki anao wanne, kwa hiyo kazi amemaliza, sasa anapumzika. Dobi akakataa, kwake yeye mtu hajui kazi yake mpaka ateseke vya kutosha, kama vile shuka haijulikani rangi yake mpaka ifuliwe. Ndipo Profesa akapanda juu kuliko wote. Alieleza kwamba kila binadamu amepangiwa jambo moja tu, siku moja tu, na wengi linawapita wakiwa wamesinzia. Inawezekana, akasema, la Breki lilimpita zamani kwenye makutano fulani ya barabara, na yeye akakanyaga mafuta.

Breki aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akaomba nimrudishe nyumbani.

Mkewe aliniambia baadaye kwamba mzee alikataa kula siku ile. Miezi yote alikuwa akiomba ombi moja, Bwana Yesu amrudishie macho, na usiku ule hakuomba chochote. Kesho yake ilikuwa Jumanne, siku ya akina mama wa kanisa lao kutembelea wagonjwa. Mama wa watu akaogopa kumwacha peke yake katika hali ile. Akaenda naye hospitali.

Katika wodi ya walioungua alikuwamo dada mmoja, mshonaji, mtungi wa gesi ulimlipukia jikoni kwake. Wiki ya tatu hiyo alikuwa amegeukia ukutani, shuka usoni. Alimfukuza hata mama yake mzazi. Akina mama wa kanisa nao aliwafukuza, wakasogea chumba cha pili kwa adabu, na katika ile pilikapilika Breki akasahaulika kwenye kiti kando ya kitanda.

— Nimesema ondokeni, yule dada alisema.

— Mwanangu, nikiondoka bila mke wangu nitaishia choo cha wanawake. Sioni.

— Huoni kabisa?

— Hata taa.

Breki alisikia shuka ikishushwa. Kisha yule dada akaanza kusema. Alisema mpaka sauti ikakauka, habari za moto, za kioo alichoomba manesi waondoe, za mchumba aliyefika mlangoni akarudi. Mwisho akauliza Mungu alikuwa wapi siku ile.

— Sijui, mwanangu, Breki akamjibu. Na mimi namtafuta. Tumtafute wote.

Wakashikana mikono, wakaomba. Ijumaa Breki alitaka kupelekwa tena. Na Jumanne. Manesi wakaanza kumwelekeza kwa wengine wasiotaka kutazamwa. Katika mwezi wa pili wa kwenda huko, yule dada aliuchukua mkono wake akauweka shavuni.

— Niambie ukweli, baba. Ni nini hiki?

— Ni uso, Breki alisema. Una joto.

Alipotusimulia hayo pale benchini alikuwa analia bila kujificha, na hatukuwa tumemzoea hivyo. Profesa akadaka haraka. Basi jambo liko wazi, akasema, Mungu alimpofusha Breki kwa ajili ya wodi ile. Dobi akauliza, kwa hiyo na mtungi aliulipua Yeye, ili Breki apate wa kumtembelea? Fundi akaongeza na aliyeutengeneza mtungi, naye kumbe alikuwa kwenye mpango tangu kiwandani. Wakaenda hivyo hivyo, mpaka Breki akanyanyua mkono.

— Shikeni breki. Mungu hakumchoma mtoto wa watu ili mimi nipate kazi. Huyo ninayemwamini alitundikwa msalabani mwenyewe. Si Yeye anayegongelea watu misumari. Mimi nilipofika kwenye kile kiti nilimkuta Yeye keshakaa hapo siku nyingi. Akanisogezea nafasi nikae. Hiyo ndiyo kazi yangu, na inanitosha.

Tangu hapo Jumanne na Ijumaa tulikuwa tukibaki wanne, tukiichambua habari ya Breki kama mechi.

Jumanne iliyopita akaja mwanamke amejifunga mtandio, akauliza nyumba ya mzee asiyeona. Alikuwa ametoka hospitali siku nyingi kidogo, akasikia mke wa mzee anaumwa mguu, akaja ampeleke yeye wodini. Tulimwambia mzee ameshakwenda na jirani. Akashusha pumzi, akaketi, na kwa sababu ya joto akafungua mtandio. Nakiri, macho yetu yalikimbia. Mama Kahawa peke yake ndiye aliyemtazama usoni na kumpa kikombe.

Profesa, ili kuficha aibu, akaanza kumweleza jinsi sisi hapa tulivyolichunguza jambo hili la mtu na wito wake, karibu mwaka mzima sasa. Yule dada alisikiliza kwa heshima hadi mwisho. Akarudisha kikombe, akasimama.

— Na nyinyi, baba zangu, huwa mnamtembelea nani?

Fundi alitema misumari kiganjani. Profesa akaomba kahawa nyingine. Dobi akakumbuka pasi yake. Mimi nilikuwa na mjomba amelazwa hospitali ileile, ghorofa ya pili, siku ya kumi na tisa, na ngazi za kwenda kwake nilikuwa sijazipanda.