Mapigo Mia Moja na Kumi

NGUSA: Haloo! Haloo, subiri kwan— tulia wewe! — eeh, haloo, nani mwenzangu?

HOSIANA: Ni mimi. Hosiana wa zahanati, Kahama.

NGUSA: Nesi! Mwangaluka!

HOSIANA: Mwangaluka mhola.

NGUSA: Ona sasa, unaitikia Kisukuma kama umezaliwa huku kwetu. Wiki ya kwanza ulikuwa unaitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

HOSIANA: Ngusa, umeamkaje lakini?

NGUSA: Nimeamka. Ila mbona mapema? Simu yetu ni saa moja kamili. Sasa hivi hata kumi na mbili na nusu haijagonga, nina ndoo ya maziwa kati ya magoti na ng'ombe ananitazama kama namwibia.

HOSIANA: Nakusumbua?

NGUSA: Hunisumbui. Umenifumania tu. Kila siku huwa nanawa mikono kwanza, nachana nywele, ndiyo nakaa kusubiri simu.

HOSIANA: Unachana nywele kwa ajili ya simu?

NGUSA: Heshima, Nesi. Simu ya tiba hiyo.

HOSIANA: Nimepiga mapema kwa sababu nimeona kitu humu kwenye simu yangu. Ile saa tuliyokupa ipime usingizi wako... inasema unakimbia.

NGUSA: Inasema nini?

HOSIANA: Unakimbia. Sasa hivi. Mapigo ya moyo mia moja na kumi. Hatua mia saba ndani ya dakika tano.

NGUSA: Aaa. Eeh. Mazoezi hayo. Si ulisema nifanye mazoezi ili miguu itulie?

HOSIANA: Nilisema jioni.

NGUSA: Nimeyawahisha.

HOSIANA: Na umesema umekaa, unakamua.

NGUSA: Nakamua... nakimbia kidogo... narudi kukamua.

HOSIANA: Na huhemi.

NGUSA: Nesi, sisi tuliochimba dhahabu Geita kifua chetu si cha mchezo. Mtu anapanda kutoka chini ya shimo huku anaimba.

HOSIANA: Haya. Na usiku?

NGUSA: (anaguna) Usiseme. Wale siafu wamerudi ndani ya mifupa ya miguu. Natupa mguu huku, natupa kule. Nimeteseka mno.

HOSIANA: Pole. Ni kweli, saa inaonyesha ulilala vipande vipande. Dakika ishirini, unaamka. Dakika ishirini tena, unaamka.

NGUSA: Hivyo hivyo! Hiyo saa haisemi uongo.

HOSIANA: Na kila ulipoamka, kuna kitu kilikuwa kinatikisika. Kidogo kidogo, bila kupumzika. Kama mtu anayefukuza nzi.

NGUSA: Miguu hiyo.

HOSIANA: Lakini saa inavaliwa mkononi, Ngusa.

NGUSA: Mkono nao umeambukizwa.

HOSIANA: (anajizuia kucheka) Umeambukizwa.

NGUSA: Usicheke, Nesi. Ugonjwa huu wewe umeusoma chuoni, mimi nimelala nao. Kule mgodini nilikuwa nalala chumba kimoja na Onesmo. Nilimpiga mateke hadi akahamia nje na godoro lake, mvua ikinyesha. Basi la Geita kuja Kahama nilisimama njia nzima na kiti nimelipia. Na kanisani je? Mahubiri yakifika katikati miguu inanichoma, nasimama ghafla. Mchungaji akadhani nimeokoka!

HOSIANA: Hilo la mchungaji hujawahi kunisimulia.

NGUSA: Alinivuta mbele, akaniombea. Watu wakapiga vigelegele. Nitasemaje tena kwamba ni mguu? Nikaokoka tu.

HOSIANA: (anacheka)

NGUSA: Ee! Umecheka! Nilijua leo lazima ucheke.

HOSIANA: Sijacheka. Mtandao unakwaruza.

NGUSA: Mtandao una sauti nzuri.

HOSIANA: Ngusa... turudi kwenye saa. Vile vidonge vya kuongeza damu unameza?

NGUSA: Vyote. Na chai ya jioni niliacha, kahawa niliacha. Nakula maharage na dagaa mpaka mama anauliza kama nimeoa duka.

HOSIANA: Na bado hulali.

NGUSA: Bado. Nafikiri unipigie hata miezi sita mingine, tuone.

MAMA NGUSA: (kwa mbali) Ngusaaa! Ndama yuko kwenye turubai, anamaliza mpunga!

NGUSA: Nakuja, mama! — Nesi, ni... kelele za jirani tu, usi—

MAMA NGUSA: (kwa mbali) Mvue hilo lisaa lako kabla hajalivunja! Huo mguu umeufunga kama mfungwa!

(Mtandao unakwaruza kwelikweli.)

HOSIANA: Ngusa.

NGUSA: Haloo? Haloo, sikusikii vizuri, niko bondeni—

HOSIANA: Uko zizini na unanisikia vizuri.

NGUSA: Nakusikia.

HOSIANA: Saa ya zahanati iko kwenye mguu wa ndama?

NGUSA: Mguu wa mbele. Hapo juu ya kwato. Mkanda umefika tundu la mwisho, lakini hamuumi, nimekagua mwenyewe.

HOSIANA: Tangu lini?

NGUSA: Tangu... kile kipindi cha Pasaka.

HOSIANA: Wiki tatu!

NGUSA: Mwanzo nilijaribu kuitikisa mwenyewe, Nesi. Sikuweza, nilikuwa nasinzia. Vidonge vyako vimefanya kazi. Nalala kama gunia la michembe ya viazi. Mama ananimwagia maji ndiyo niamke nikamue.

HOSIANA: Kwa hiyo umepona.

NGUSA: Nimepona kabisa. Miguu imetulia kama si yangu.

HOSIANA: Sasa kwa nini usiseme umepona? Kuna mgonjwa anaficha kupona?

NGUSA: Ulisema wewe mwenyewe, siku ile unanifunga saa mkononi. «Ukilala vizuri wiki mbili mfululizo, hatutakusumbua tena na simu.»

HOSIANA: Nilisema hivyo?

NGUSA: Kwa sauti ndogo, ukiangalia sakafu. Nikaenda nyumbani nikafikiri. Nikaona hapa lazima atafutwe mtu mwingine asiyelala vizuri.

HOSIANA: Ukamtafuta ndama.

NGUSA: Usiku anainuka, analala, anatikisa mguu. Mgonjwa wa kutosha kabisa.

HOSIANA: Anaitwa nani huyo ndama?

NGUSA: Ah. Hana jina.

HOSIANA: Kwenu kuna ng'ombe asiye na jina?

NGUSA: Hutakasirika?

HOSIANA: Sitakasirika.

NGUSA: Anaitwa Nesi.

HOSIANA: (kimya kirefu)

NGUSA: Ni kwa sababu ana macho ya aibu! Akiangaliwa anageuza uso! Si kwa ubaya... Nesi? Upo? Mama, acha kwanza! — Nesi?

HOSIANA: Nipo. Ngusa, nisikilize. Hizo saa tunazo tatu tu. Kuna bibi mmoja wa Isaka, Bibi Paskalia. Miguu yake ni kama ilivyokuwa yako. Analala ameegemea mlango, anajimwagia maji ya baridi magotini. Anaisubiri hiyo saa.

NGUSA: Anasubiri hii?

HOSIANA: Tangu juzi. Daktari ameniambia leo ifike.

NGUSA: (taratibu) Sikujua. Wallahi, Nesi, ningejua kuna mtu anasubiri... Najua ule mlango anaoegemea. Nimeuegemea miaka minne. Mimi nafanya mchezo, na bibi wa watu—

HOSIANA: Usijilaumu peke yako.

NGUSA: Nijilaumu na nani? Na ndama?

HOSIANA: Na mimi.

NGUSA: Wewe umefanya nini?

HOSIANA: Nilijua.

NGUSA: Ulijua nini?

HOSIANA: Kwamba si wewe. Siku ya tatu tu nilijua. Hakuna binadamu anayepiga hatua elfu kumi na nne na kulala mchana mara tisa. Nikamwambia daktari umepona, akafunga faili lako.

NGUSA: Faili limefungwa?

HOSIANA: Wiki mbili na nusu sasa.

NGUSA: Subiri. Subiri kwanza niweke ndoo chini. Faili limefungwa wiki mbili na nusu. Na kila siku saa moja kamili unanipigia.

HOSIANA: Ndiyo.

NGUSA: Unaniuliza usingizi wa ndama.

HOSIANA: Ndiyo.

NGUSA: Kwa simu ya zahanati?

HOSIANA: Kwa simu yangu. Na vocha yangu, ambayo inakaribia kwisha, kwa hiyo—

NGUSA: Hosiana.

HOSIANA: Leo umeniita jina.

NGUSA: Nesi ni yule anayekula mpunga. Hosiana, ulikuwa unapiga kwa ajili ya nini?

HOSIANA: Leta tu saa, Ngusa.

NGUSA: Sawa. Nampa kondakta wa basi la saa mbili, ni binamu yangu. Nitaifunga kwenye bahasha—

HOSIANA: Usimpe kondakta.

NGUSA: Ni mwaminifu sana.

HOSIANA: Najua. Usimpe.

NGUSA: Basi nimpe Marcel wa pikipiki, anakuja huko huko.

HOSIANA: Na Marcel usimpe.

NGUSA: Sasa nani ataileta? Mama? Ndama? Maana mimi nimepona, faili limefungwa, zahanati sina shida nayo...

HOSIANA: Unafanya makusudi.

NGUSA: Mimi? Mimi mtu wa Mungu, nimeokoka kwa mguu.

HOSIANA: Ngusa, dakika zinakwis—

NGUSA: Basi sema haraka. Chuoni hawakuwafundisha kusema?

HOSIANA: Hilo hawakutufundisha.

NGUSA: Nakusubiri. Wiki tatu nimesubiri, nitashindwa nusu dakika?

HOSIANA: (anavuta pumzi) Haya. Saa ni ya Bibi Paskalia. Lakini wewe, Ngusa, wewe uje kwa ajili yangu.