Vikombe Sita, Watoto Arobaini

Bwana asifiwe! Asifiwe na wenye afya, asifiwe hata na wewe unayepangusa kamasi hapo nyuma!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Chebet, mpishi wa uji katika shule ya chekechea hapa kwetu Molo. Sikusimama kujisifu. Nimesimama kukiri.

Kwa miaka mingi niliwapa watoto arobaini uji kwa vikombe sita. Wa kwanza wakimaliza, nilichovya vikombe kwenye ndoo ya maji baridi, nikawajazia wengine. Maji yalikuwa yale yale, tangu mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Nami nilidhani nimeosha! Nikishikwa na homa, nilijifunga leso nikaenda kazini. Nilisema, "Hii ni baridi ya Molo tu. Mungu atatulinda."

Msimu wa mvua uliopita niliamka nikikohoa, mwili wote unauma. Nikapika hivyo hivyo. Nilikohoa juu ya sufuria, nikapangusa pua kwa kiganja, nikagawa uji. Siku chache baadaye nusu ya darasa haikuja. Na Chebet wangu, wa miaka mitano, ambaye kifua chake ni dhaifu tangu azaliwe, akaanza kuhema. Kila akivuta pumzi, mbavu zilizama ndani. Ndugu zangu, nilimbeba mgongoni nikakimbia hospitali nikilia!

Muuguzi alimwekea oksijeni, kisha akanigeukia.

"Mathe, nani mwingine anakohoa nyumbani?"

"Ni mimi tu. Homa ya kawaida."

"Na unafanya kazi gani?"

Nilipotaja uji, hakunifokea. Alikaa kando yangu akanieleza polepole. Homa hii haitoki kwa baridi. Ni virusi, navyo husafiri kwa kikohozi na chafya, kwa mikono, na kwa kikombe kinachopita midomo mingi. Mtu mzima huenda akatetemeka siku chache akapona. Kifua kama cha Chebet kinaweza kushindwa.

Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, nilikuomba utulinde, na ni mimi niliyegawa ugonjwa. Niachie mtoto huyu, nami sitanyamaza."

Siku ya nne Chebet alifungua macho akaomba uji. Haleluya!

Basi sikunyamaza. Katika mkutano wa wazazi nilisema: kila mtoto aje na kikombe chake. Wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni ya mtungi uliotobolewa. Wakohoe kwenye kiwiko. Madirisha ya darasa yafunguliwe, hata kukiwa na baridi, tuwavike sweta. Na mtoto mwenye homa abaki nyumbani. Tuulize zahanati kuhusu chanjo pia.

Mama Kiprotich, jirani yangu, aliangua kicheko. "Mama Chebet, kwani kikombe cha mwenzake kina meno?"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Hakina meno, dada. Lakini nusura kimuue mwanangu."

Kicheko kiliisha. Jumatatu vikombe vikaja: vya bati, vya plastiki, kimoja hakina mkono. Vyote vina majina.

Ndugu zangu, jaribu langu lilikuja mwezi uliopita. Homa ilinirudia. Nikawaza, nani atawapikia watoto? Nikavaa viatu, nikachukua mwiko wangu. Nilipofika langoni pangu, nilimkuta Mama Kiprotich amesimama pale.

"Unaenda wapi na hicho kikohozi? Rudi kitandani. Nipe huo mwiko." Akaunyakua, akautazama. "Ngoja kwanza niuoshe. Kwa sabuni!"

Nililala siku nzima nikimshukuru Mungu. Watoto walikunywa uji, na safari hii hakuna aliyeugua kwa sababu yangu.

Kwa hivyo mzazi mwenzangu, kesho mwanao akiamka mwili unachemka, usiogope kubaki naye nyumbani alale. Mtumaini Bwana, na umpigie jirani simu. Mungu aliyeniachia Chebet anaweza kuliangalia shamba lako la viazi siku mbili. Amina!